Baragumu la Leona

Kila asubuhi Leona Pardy alikula mkate wake na asali ya miwa, kisha akamsindikiza baba yake gatini. Ukungu ukishuka, kazi yake ilikuwa kupuliza baragumu ili wavuvi wajue nyumbani ni upande gani. Hakuna mtoto wa pwani ya Newfoundland asiyeijua kazi hiyo.

Lakini leo baba alimchukua kaka yake, Garland, kwenda kuvua, akamwacha yeye aliyetamani sana kwenda. Garland akamtolea ulimi. Leona alikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Ukungu ulipotanda, mama yake aliita, "Leona! Baragumu!"

"Wana simu! Na huyo Garland si ndiye mjuzi? Basi wajijue!"

Akalitupa baragumu gatini, akakimbilia katika banda la mashua. Humo akaingia katika mashua kuukuu ya Ambrose, babu wa baba yake, akaipiga teke. Mashua ikayumba. Ikayumba tena. Alipotahamaki, yuko juu ya merikebu ya matanga, katikati ya bahari, na ukungu ni mzito kama uji.

Mpishi mwenye ndevu ndefu alikuwa amekaa juu ya pipa, amenuna. Baragumu lilikuwa miguuni pake.

"Mbona hupulizi?" Leona aliuliza. "Hakuna mtu huko nje?"

"Yuko Ambrose na kimashua chake. Kasema chai yangu ni maji ya kufulia soksi! Haya, na atafute njia mwenyewe."

Ambrose! Leona aliogopa sana. Huyo asiporudi, babu hatazaliwa, wala baba, wala yeye.

"Mzee mzima, huna haya?" alifoka. "Mtu afe kwa ajili ya chai?"

Mara maneno hayo yakamrudia mwenyewe. Akalinyakua baragumu, akapuliza mpaka midomo ikavimba. Alimkasirikia mpishi, akamkasirikia Garland, na zaidi akajikasirikia mwenyewe, lakini hakuacha kupuliza.

Hatimaye makasia yakasikika, na sauti ikaguta kutoka ukunguni: "Nimefika! Yuko wapi huyo mpika soksi, nimvute ndevu?"

Leona akaangua kicheko. Baragumu likamponyoka, na alipoinama kuliokota, alikuwa bandani tena, mikono mitupu.

Alitimua mbio hadi gatini, akaliokota lake, akapuliza kwa nguvu zake zote. Baada ya muda injini ya boti ikanguruma. Baba alishuka uso umemwiva kwa hasira. Garland alimfuata, amelowa chapachapa.

"Simu imeingia maji, na miamba tulikuwa hatuioni!" baba alifoka. "Baragumu lilikuwa wapi?"

"Nilikasirika, baba. Nikaliacha. Nisamehe."

Baba aliifunga boti gatini, kisha akamgeukia.

"Hasira hasara, mwanangu. Sikukatazi kukasirika. Mimi mwenyewe sasa hivi nachemka. Lakini siku nyingine, kasirika huku unapuliza."