Kura Ishirini na Sita Zenye Saini

Mzee Stoo alistaafu miaka tisa iliyopita, ila mkono wake haukupewa taarifa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza stoo wa karakana ya serikali. Msumari haukutoka bila saini yake. Ndoo ya rangi haikuingia bila saini yake. Sasa anaishi kwa mwanawe, dereva wa lori, na bado anasaini. Risiti ya maji ikifika, anasaini. Mwezi ukiisha, anasaini kalenda. Siku moja mkwewe alikuta saini kwenye mtungi wa gesi.

"Baba, hata huu?"

"Nimeupokea mimi. Ukipotea utamuuliza nani?"

Mkwewe ni fundi cherehani. Mashine yake iko barazani, karibu na mlango. Ana mimba ya miezi sita, kwa hiyo kiti amekisogeza nyuma, na mguu unaifikia pedali kwa taabu. Zahanati ya mtaani hufungwa saa nane mchana. Uchungu ukimshika jioni, itabidi aende hospitali kubwa, mwendo wa saa nzima, tena kama gari limepatikana.

"Huyu mtoto nimeshamwambia," alisema huku akikata uzi kwa meno. "Azaliwe asubuhi, awahi foleni."

Alicheka, lakini usingizi alikuwa hapati. Mzee Stoo alilijua hilo.

Ndiyo maana uchaguzi wa mbunge haukuwa mchezo katika nyumba ile. Wagombea wa jimbo walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Mkunga, mama mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Aliahidi kupigania zahanati ifanye kazi usiku na mchana. Wa pili alikuwa Bwana Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye aliahidi kila kitu, na kesho yake aliongeza kingine. Uchaguzi uliopita walishindana hawa hawa. Mkunga alishindwa kwa kura tisa. Jimbo zima, kura tisa!

Asubuhi moja, pikipiki yenye kipaza sauti ilisimama mbele ya baraza. Juu yake alikuwa mpiga kampeni wa Bwana Saruji. Watu walimwita Spika.

"Shikamoo, mzee wetu!" alisema kwenye kipaza sauti.

"Marahaba. Zima hicho kitu, niko hapa hapa."

"Eti bado unawafundisha watu kusaini kura?"

"Sijaacha. Karatasi isiyo na saini ni ya kufungia karanga. Unaweka tiki, unasaini chini yake. Nani tena atasema kura si yako?"

Spika alipiga makofi. "Umemaliza! Wafundishe wote, mzee wetu. Mtaa mzima!"

Alimwachia fulana yenye picha ya Bwana Saruji, akawasha pikipiki, akaenda zake. Mzee Stoo aliisaini fulana kwenye lebo, kisha akampa mkwewe ya kufutia mashine.

Jioni ya siku hiyo alipita Mwalimu, jirani wa nyumba ya tatu. Anafundisha shule ya msingi, na wakati huo alikuwa amepewa mafunzo na tume ya uchaguzi ili awaelimishe wapiga kura. Mkononi alikuwa na karatasi za mfano. Badala ya wagombea, zilikuwa na picha za matunda: nanasi na papai.

"Tufanye mazoezi," alisema. "Chagueni tunda moja."

"Binti, mimi nilianza kupiga kura wewe hujazaliwa," alisema Mzee Stoo.

"Basi nionyeshe, mzee wangu, nijifunze."

Mzee Stoo aliweka tiki kwenye kisanduku cha nanasi. Kisha akakunjua mkono, akashuka chini kidogo, akasaini. Saini ilikuwa nzuri kweli, yenye mkia mrefu kama wa tumbili.

Mwalimu aliitazama. Hakucheka.

"Mzee wangu, hii kura haihesabiwi."

"Haihesabiwi na nani?"

"Na yeyote. Imeharibika."

"Imeharibikaje? Tiki si hiyo hapo?"

"Tiki ni sawa. Tatizo ni saini. Kura ni siri. Karatasi ikiwa na jina, saini, namba ya simu au alama yoyote ya kumtambulisha mpiga kura, inakataliwa."

"Sasa wakiiba?"

"Kuna mawakala wa kila mgombea mle ndani, wanaangalia kila karatasi ikihesabiwa. Hiyo ndiyo kazi yao. Saini haizuii wizi. Inafanya jambo baya zaidi. Tuseme mtu amekuhonga, au amekutisha, akakwambia umpigie yeye. Karatasi ikiwa na saini yako, ataiona na kujua kama umemtii. Ikiwa tiki tupu, atajuaje?"

Mkwewe aliacha kushona. "Kwa hiyo hata mume wangu hawezi kujua?"

"Hata mumeo."

"Hilo nimelipenda."

Mzee Stoo hakuwasikia. Alikuwa amevua miwani. "Mwaka ule wa kura tisa," aliuliza polepole, "pale kituoni kwetu, zilikataliwa ngapi?"

Mwalimu alifungua simu yake. Alikuwa na picha ya fomu ya matokeo iliyobandikwa mlangoni pa kituo mwaka ule. "Ishirini na sita."

Mzee Stoo alianza kuhesabu kwa vidole. Fundi viatu na mkewe. Kinyozi. Wastaafu wote wa karakana. Wote aliwafundisha yeye, mmoja mmoja, kwa mkono wake, na karibu wote walikuwa watu wa Mkunga. Alifika ishirini na nne. Akajigusa kifua. "Ishirini na tano."

Mkwewe aliinua mkono wenye kipimo cha nguo. "Na mimi, baba."

Mzee Stoo alivaa tena miwani.

"Na yule Spika," alisema Mzee Stoo, "mwaka ule alikuwa wapi?"

"Alikuwa wakala wa Bwana Saruji, ndani ya chumba cha kuhesabia," alisema Mwalimu. "Kila iliyokataliwa aliiona."

"Kumbe ndiyo maana ananipigia makofi, mwanaharamu yule!"

"Baba, mtoto anasikia," alisema mkwewe, akishika tumbo.

Zilibaki siku nne kabla ya kura. Mzee Stoo alikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza, heshima yake ikabaki, na zahanati ikaendelea kufungwa saa nane. Au angeweza kupita nyumba kwa nyumba akisema alikosea. Usiku ule hakula vizuri. Asubuhi alichukua zile karatasi za matunda, akatoka.

Alianza na fundi viatu, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo kuliko wote.

"Nimekuja kukwambia nilikosea," alisema Mzee Stoo.

Fundi viatu alitoa misumari mdomoni. "Ngoja nimwite mke wangu. Jambo hili linahitaji shahidi."

"Mwite. Na yeye nilimkosesha."

Fundi viatu alicheka mpaka kiatu kikamdondoka. Alipoambiwa habari ya Spika na zile kura tisa, aliacha kucheka. "Nionyeshe hilo nanasi lako," alisema.

Nyumba kwa nyumba ilikuwa hivyo hivyo. Wengine walimtania, mmoja alimfokea. Kinyozi alimwambia, "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikipanga foleni bure?" Mzee Stoo alijibu, "Ndiyo," kisha akamwelekeza. Tiki moja, kwenye kisanduku kimoja. Hakuna saini. Kunja karatasi ili tiki isionekane. Tumbukiza. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, irudishe kwa msimamizi, upewe nyingine.

Siku ya kura alipanga foleni shuleni, ndiko kilikokuwa kituo chao, saa moja kasoro. Aliingia kwenye kibanda cha kupigia kura, akaweka tiki. Kisha, kabla hajafikiri lolote, mkono ulishuka wenyewe. Alishtuka alipouona ule mkia mrefu kwenye karatasi.

Alisimama pale, karatasi mkononi. Nje, foleni yote ilikuwa ya watu aliowafundisha. Akikunja na kutumbukiza, hakuna atakayejua. Ila kura yenyewe itakuwa imekufa.

Alitoka na karatasi imekunjwa, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa kituo.

"Nimeiharibu," alisema. "Naomba nyingine."

Msimamizi hakuuliza kitu. Aliichukua, akaiweka kando, akampa mpya. Safari hii Mzee Stoo aliweka tiki, akaifunika kalamu haraka, na mkono wa kulia akautia mfukoni.

Asubuhi iliyofuata fomu ya matokeo ilikuwa imebandikwa mlangoni pa kituo. Watu walijaa, na fundi viatu akajipa kazi ya kusoma. Kura zilizokataliwa: moja tu. Kabla hajaendelea, redio ya kinyozi ikatangaza matokeo ya jimbo. Mkunga ameshinda kwa kura kumi na nne. Mkwewe alikalia ngazi ya shule, akafuta macho kwa pindo la gauni. Zahanati ilikuwa bado haijafunguliwa usiku, lakini sasa kulikuwa na mtu wa kudaiwa ahadi hiyo. Spika alionekana akisukuma pikipiki yake kimya kimya.

"Subirini, kuna mstari mwingine," alipaza sauti fundi viatu. "Karatasi zilizoharibika na kurudishwa: moja. Haya, nani huyo?"

Watu waliangaliana. Mzee Stoo alipita mbele, akasimama kando ya fomu.

"Ni mimi," alisema. "Nilikosea, nikarudisha, nikapewa nyingine. Ndio utaratibu. Kuna mwenye swali?"