Fuvu Langoni mwa Carreg Wen

"Kunguru, helikopta imekwamishwa na ukungu. Shikilieni hapo hapo. Mwisho."

Heledd, polisi aliyeitwa Kunguru hewani, alizima redio. Washikilie kwa lipi? Ngome ya Carreg Wen, huko Wales, ilibakiwa na mnara mmoja wenye mlango wa mwaloni. Kwingine kote ni magofu. Nyuma ya Heledd alijikunyata Tegid, mkemia aliyewatoroka wauza sumu. Akifika Cardiff hai, genge zima linaingia jela. Akifa hapa, sumu inaingia kwenye maji ya watu.

Mlango ukagongwa.

Idwal, msaidizi wake, akachungulia tunduni.

"Ni Mari Lwyd, mkuu."

Fuvu la farasi juu ya mti, shuka jeupe, wanaume watatu. Kila mwaka mpya huzunguka hivyo milangoni, wakijibizana nyimbo na mwenyeji kabla ya kufunguliwa.

"Tuwafungulie. Mgeni njoo, mwenyeji apone, au sivyo?"

"Wewe mtoto wa mjini, kaa mbali na hilo komeo."

Bibi yake Heledd alimsimulia tangu utotoni: Nest, binti wa ngome hii, aliwafungulia wenye fuvu kabla hawajajibu wimbo. Chini ya shuka kulikuwa na mapanga. Kaka yake alichinjwa kizingitini, na hadi leo Nest hulia magofuni.

Heledd akaimba ubeti wa kuwazuia, kama mwenyeji anavyopaswa.

"Fungueni bwana, baridi itatuua," mmoja wa wale wa nje akasema, bila kuimba.

Mari Lwyd gani huyu asiyejibu wimbo? Heledd akaikoki bastola yake ya Glock.

Ndipo ubeti ukajibiwa.

Sauti nyembamba ya mwanamke, kutoka magofuni, nyuma ya wale watu. Iliimba Kiwelshi cha kale, kwa kwikwi. Heledd aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa risasi.

Wale watatu wakageuka. Bunduki zikachomoza shukani.

Heledd akapitisha mtutu tunduni.

Pa! Pa! Pa!

Magoti matatu, watu watatu chini. Fuvu likabingirika mpaka kizingitini.

Ukungu ulipopanda, helikopta ilimchukua Tegid, mzima. Idwal akamsogelea Heledd.

"Mkuu, yule mwanamke ni wa idara yetu?"

"Tumekagua magofu yote, Idwal. Umeona mtu?"

Heledd aliuwekea kiganja mlango wa mwaloni.

"Pumzika, dada Nest. Safari hii hatukufungua."

Alisikiliza. Hakuna aliyelia. Akatia mikono mifukoni, akashuka kilima bila kugeuka.