Nyusi za Shangazi Isabela

"Shangazi, tulia kidogo, nisije nikakukata."

Selestina alikuwa ameinama juu ya kiti cha saluni yake, Masasi mjini, wembe mkononi. Aliyekaa kitini ni Isabela, shangazi wa mchumba wake Yoeli. Alikuwa ameshuka kutoka Newala asubuhi hiyo atindwe nyusi, maana harusi ni Jumamosi.

"Usinifanye kama wasichana wa siku hizi, nyusi nyembamba kama uzi. Uso wangu mpana."

"Naelewa, Shangazi. Nasafisha chini tu, nazipandisha kidogo mwishoni, uso uonekane mrefu."

Alichovya pamba kwenye mafuta, akafuta wanja uliokolezwa kwenye unyusi wa kushoto. Chini yake kikatokea kipande cha nywele nyeupe pe, kama zimedondokewa na unga wa muhogo.

Wembe ukamponyoka.

"Shangazi... hiki cheupe?"

"Ah, hicho cha ukoo wetu! Marehemu baba alikuwa nacho, kaka yangu Eliakimu alikuwa nacho kabla mvi hazijamjaa. Yoeli tu ndiye hakurithi. Mbona umebadilika?"

Selestina alichukua pamba nyingine, akasimama mbele ya kioo, akafuta unyusi wake mwenyewe, kipande cheupe kilekile kikatokea. Tangu darasa la sita alikuwa akikificha kwa wanja. Hata Yoeli hakuwahi kukiona.

Isabela alipiga yowe.

"Mama yangu! Wewe umekitoa wapi?"

"Mama aliniambia nimerithi kwa baba. Hakusema zaidi mpaka anakufa."

"Mama yako aliitwa nani?"

"Julia. Wa Chiwata."

Isabela akajiziba mdomo. "Kaka alifundisha Chiwata," akanong'ona. "Miaka miwili."

Selestina akakaa sakafuni katikati ya nywele za wateja. Yoeli, mtoto wa Eliakimu. Zimebaki siku tatu awe mumewe!

Ujumbe wa Yoeli ukaingia kwenye simu: "Mpenzi, suti imenikaa hatari. Unafanya nini?"

Akajibu: "Harusi haipo. Kesho nakuja kwenu."

Simu ikaita mara kumi na moja. Hakupokea.

Kesho yake asubuhi, Newala, Yoeli alimpokea mlangoni macho mekundu.

"Seli, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila leo sijui hata nikuiteje."

Mzee Eliakimu, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa sebuleni na mkewe, Mama Yoeli. Selestina alifuta wanja mbele yao wote.

"Mzee, unamkumbuka Julia wa Chiwata?"

Mzee aliutazama unyusi ule, akashika mkono wa kiti kana kwamba nyumba inayumba.

"Namkumbuka. Aliniambia ana mimba. Niliogopa, nikaomba uhamisho."

"Baba!" Yoeli aliruka. "Unataka kusema Seli ni dada yangu?"

Mzee aliinamisha kichwa. Aliyesema ni Mama Yoeli, kwa sauti kavu isiyo na chozi.

"Eliakimu. Miaka yote niliyolia kwamba sina mtoto, wewe ulikuwa na mtoto Chiwata?"

Yoeli akageuka polepole. "Huna mtoto? Mama, mimi je?"

Mama Yoeli aliingia chumbani, akatoka na cheti cha ubatizo kilichochakaa, cha parokia ya Lukuledi. Palipoandikwa majina ya baba na mama palikuwa na majina ya watu wengine kabisa.

"Mama yako alifariki siku uliyozaliwa. Tulikuchukua una miezi mitatu, tukarudi hapa tukasema tumezaa. Hata shangazi yako hajui. Sikukubeba tumboni, baba, nilikubeba mgongoni. Kila mwaka nilisema nitakwambia, kila mwaka nikashindwa."

Yoeli alikisoma cheti mara mbili, kisha akakaa kama mtu aliyesukumwa.

Selestina alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akajionea aibu, maana furaha yake ilikuwa msiba wa mwenzake.

"Yoeli, sisi si ndugu."

"Si ndugu. Lakini mimi sasa ni nani, Seli?"

"Ni yule aliyenipigia simu mara kumi na moja jana. Mengine tutayatafuta wote wawili."

Yoeli alimshika mkono, akaufinya.

Padri aliwasikiliza, akakisoma cheti, akasogeza harusi wiki tatu mbele ili familia zikae ziyamalize. Hayakuisha yote. Siku moja kabla ya ndoa, Mzee Eliakimu alikwenda peke yake Chiwata, kwa mjomba wa Selestina, alikokuwa bibi harusi.

"Mwanangu, nisamehe. Kesho niruhusu nikushike mkono nikupeleke altareni."

"Shikamoo, baba."

Mzee alifuta macho kwa kiganja.

"Nimekusamehe," Selestina akaendelea, "lakini mkono wangu ataushika mjomba. Ndiye aliyeninunulia daftari, ndiye aliyemzika mama. Wewe kaa upande wa Yoeli. Huko ndiko ulikolea mtoto."

Kesho yake Mzee Eliakimu alikaa huko, benchi la mbele. Mama Yoeli alikaa benchi hilohilo, akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mumewe.