Ndege Katika Jarife la Baba

Mama yake Umi, Swabra, alitoka nyumbani mara tu baada ya sala ya alfajiri, na Umi akaanza kazi zake. Alifagia ua, akawasha makaa, akampelekea baba yake chai ya rangi na mkate wa jana. Kisha alichukua madumu mawili akaenda kupanga foleni pale barabarani unaposimama mkokoteni wa punda wenye maji matamu. Kisima cha mtaa wao, hapa Kismayu, kina maji ya chumvi ambayo hufaa kuoshea vyombo tu. Aliporudi mabega yalikuwa yanamuuma, na saa ya shule ilikuwa bado haijafika. Umi alikuwa na miaka kumi na miwili.

Baba yake, Famau, alilala kwenye kitanda cha kamba chini ya kipenu cha nyumba, uso ameuelekeza ukutani. Alikuwa mvuvi, mzaliwa wa kisiwa cha Kudha. Mwaka uliopita alijiunga na wazamiaji wa kamba koche, wale kamba wakubwa wa miambani, na siku moja akapanda juu haraka mno kutoka kwenye maji marefu, jambo ambalo mwili hauhimili. Tangu siku hiyo miguu yake ilikuwa mizito kama si yake. Daktari alisema miguu haijafa. Itapata nguvu akiilazimisha kutembea kila siku, hatua chache chache. Asipoilazimisha, itakauka.

Mwanzoni alijaribu. Alianguka mara mbili mbele ya wageni, na baada ya hapo hakujaribu tena. Swabra alimbembeleza kwa wiki nyingi, mwishowe akanyamaza. Naye alikuwa akirudi jioni kutoka kwenye banda la kusafishia samaki, vidole vimechanwa na miiba, hana nguvu za kubishana na mtu.

Famau alitawadha akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, Umi akimmiminia maji kwa birika. Maji yalitiririka mpaka kwenye kishimo mchangani. Siku moja shore akatua pale, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi kama aliyevaa kofia, akanywa funda moja baada ya jingine huku akiinua kichwa. Famau alijiinua kwa kiwiko amtazame.

"Kwetu Kudha hawa walikuwa wanakula mapapai kabla yetu," alisema.

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema wiki ile. Umi akaona asiyaache yapotee. Alimwuliza baba yake ndege wanapenda nini, na Famau, polepole, akamweleza. Wanataka maji machache, yasiyozidi kina cha kidole, na mawe ndani yake ili wadogo wapate pa kusimama. Tetere na shomoro wanataka mbegu. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anataka maua ya kufyonza. Na wote wanataka mahali pa kujificha, kwa sababu ndege hanywi maji kwa raha mahali ambapo hana pa kukimbilia.

Umi alipanda mtama kando ya ukuta wa nyuma. Shubiri zenye maua mekundu aliomba kwa jirani yao, Bi Mishi. Sinia kuukuu aliliweka mchangani akalijaza mawe, na maji ya udhu yaliyokuwa yakipotea sasa aliyakinga kwenye beseni akayapeleka kwenye mimea. Hanan, rafiki yake wa darasani, alimkuta akifanya kazi hiyo akacheka.

"Watu wanalima mchicha, wewe unalima ndege."

"Mchicha haumwinui baba yangu," Umi alijibu.

Na kweli ndege walimwinua. Kutoka kitandani shubiri zilimzibia lile sinia, kwa hiyo siku ya kwanza Famau alisimama akashika nguzo ya kipenu, atazame vizuri. Siku ya tatu alipiga hatua nne. Mwisho wa mwezi aliweza kufika nusu ya ua na kurudi, jasho likimtoka. Swabra alimwona siku hiyo kutoka mlangoni. Aliweka kikapu chake chini taratibu, akasubiri hadi mumewe alipoketi, ndipo akaingia kama mtu ambaye hakuona kitu. Usiku ule aliimba kidogo alipokuwa akiosha vyombo.

Tatizo likawa mbuzi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebomoka upande mmoja, na mbuzi wa mtaani waliingia hapo wakala mtama ukiwa bado mchanga. Umi alipanda tena, wakala tena. Mtaani kwao kila mtu alizungushia vitu vyake nyavu kuukuu, kuku, mchicha, hata madirisha. Ndani ya stoo lilining'inia jarife la baba yake, wavu mrefu wa uzi mwembamba wa nailoni. Famau alikuwa amesema asiliguse mtu, maana siku atakayorudi baharini atalihitaji. Umi alijiambia ataliazima tu mpaka mtama urefuke. Alilitandaza pale penye ukuta uliobomoka, nyuma ya pembe ambayo baba yake hakuweza kuiona kutoka kitandani, akalifunga kwenye miti miwili. Kesho yake mbuzi walikuja, wakasukuma kwa pua, wakaondoka.

Siku ya nne alimkuta tetere ananing'inia jarifeni, shingo imepita kwenye tundu, amekufa. Uzi ambao samaki hauoni majini, ndege pia alikuwa hauoni hewani.

Umi alimtoa, akamzika nyuma ya choo. Alijua angepaswa kuliondoa jarife saa ileile. Lakini aliwafikiria mbuzi, na alifikiria uso wa baba yake akisikia kwamba jarife limeguswa. Akaliacha. Jioni Famau aliuliza mbona tetere hawaonekani.

"Paka wa Bi Mishi," Umi alisema.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Alikuwa amemwona paka huyo juu ya ukuta asubuhi, na maneno yakatoka tu. Baada ya siku mbili alikuta chozi amenaswa, mdogo kama kidole gumba, manyoya yake bado yaking'aa. Naye alimzika. Baadaye ndege wakapungua, sinia likabaki na maji yaleyale mpaka yakaota ukijani.

Famau alisimama akishika nguzo kwa siku tatu, akingoja. Siku ya nne hakusimama.

"Hawaji," alisema, akageukia ukutani.

Siku iliyofuata hakusimama tena, wala iliyofuata. Swabra aliiona miguu yake ikianza kuvimba. Alijisitiri kwa buibui lake, akaenda kwa Bi Mishi kwa aibu, kumwomba amzuie paka wake kwa ajili ya mgonjwa. Bi Mishi alikuwa mama mzee wa kisiwa cha Ngumi, aishiye peke yake, na maneno yake yalisikika mpaka upande wa pili wa ukuta, alikokuwa Umi na daftari lake.

"Swabra mwanangu, paka wangu ana meno mawili, na yote yako upande mmoja. Mimi humpondea samaki ndipo ale. Kesi hii mchu yeyote akiisikia si atacheka?"

Swabra alisema anajua, anaomba radhi, lakini mtoto amemwona. Bi Mishi akampapasa paka wake mgongoni. Kisha akasema kama ni kwa ajili ya Famau, basi. Akamfunga paka kwa kitambaa kwenye mguu wa kitanda chake. Tangu hapo paka alilia kila alasiri, sauti ya mzee anayedai kitu na hapewi, na Umi akafanya hesabu zake akiisikia. Alikosea nyingi.

Ijumaa baada ya sala, Swabra akiwa bado bandani, Umi alisikia kitu kikipigapiga nyuma ya ua. Alikimbia. Shore alikuwa jarifeni, na huyu alikuwa hai. Bawa moja lilikuwa limezungukwa na uzi, na mguu pia. Umi alijaribu kuuvuta uzi ukakaza. Aliuvuta upande wa pili, ndege akapiga kelele na uzi ukaingia karibu na shingo. Alifikiria kisu, lakini uzi ulikuwa umezama ndani ya manyoya.

Nyumbani mwao alikuwamo mtu mmoja aliyewahi kutoa maelfu ya vitu vilivyonaswa katika jarife hilo, naye alilala hatua kumi na mbili kutoka hapo. Kumwita kulikuwa ni kumwambia yote. Na huenda asije.

Umi alikwenda akasimama kando ya kitanda.

"Baba, kuna shore amenaswa."

"Amenaswa wapi?"

"Katika jarife lako."

Famau aligeuka. Alimtazama mtoto wake kwa muda, na Umi hakuangalia pembeni. Kisha alishusha miguu yake mmoja mmoja, akaishika kwa mikono kuiweka sawa juu ya mchanga. Umi akasogea kumpa bega.

"Niache mimi. Rudi kwa ndege, mfunike kwa mtandio wako, kichwa na macho. Akiona giza atatulia. Usivute kitu. Nakuja."

Umi alirudi akamfunika shore. Chini ya kitambaa ndege aliacha kupigapiga. Nyuma yake alisikia miguu ikiburuzwa, ikisimama, ikiburuzwa tena, na mkono ukipapasa ukuta. Mara moja alisikia baba yake akivuta pumzi kwa nguvu kama aliyejikwaa. Alitamani kugeuka lakini alikuwa ameambiwa amshike ndege.

Famau alifika, akaporomoka mchangani badala ya kuketi, kanzu imelowa jasho mgongoni. Alinyoosha mikono. Vidole vilikuwa vilevile vya zamani.

"Huwa anatoka kwa njia aliyoingilia," alisema. "Tunaanza na mguu."

Alilegeza tundu moja, akarudisha uzi nyuma, akauvua mguuni kama mtu anayemvua mtoto kiatu. Kisha bawa. Kisha shingo, polepole mno. Shore alibaki kiganjani mwake, mdomo wazi, kifua kikienda mbio. Baada ya muda akaruka mpaka juu ya paa la Bi Mishi, akatikisa manyoya yake kwa hasira.

"Huyu ni wa ngapi?" Famau aliuliza.

"Wa tatu."

"Na paka?"

"Paka hakufanya kitu."

Famau hakumgombeza. Alionekana amechoka mno kugombeza. Alilifungua jarife kwenye mti wa karibu akaanza kulikusanya mapajani, mkunjo juu ya mkunjo. Huku akikusanya alisema kwamba mvuvi haachi jarife limetandazwa bila mtu wa kulitazama, maana litaendelea kunasa mchana kutwa, kinachotakiwa na kisichotakiwa. Kama Umi angemwambia siku ya tetere, angejua jambo hilo siku hiyohiyo.

Swabra alipoingia na kukuta kitanda kitupu na mumewe chini kando ya ukuta wa nyuma, aliangusha kikapu chake akakimbia.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka," Famau alisema. "Nilikuja."

Swabra akaketi mchangani palepale, na harufu yake yote ya samaki, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Aliposikia habari nzima alimwambia Umi jambo moja tu, aende kwa Bi Mishi kabla ya magharibi, na aende peke yake.

Bi Mishi alimsikiliza akiwa ameshika ushungi wake. Kisha aliinama kwa tabu akamfungua paka. Paka alinyoosha miguu, akampita Umi bila kumtazama.

"Huyu amekwisha kukusamehe," Bi Mishi alisema. "Mimi nitakusamehe kesho. Leo nimechoka."

Kesho yake Umi na Hanan walileta matawi ya miiba kutoka kichakani pembezoni mwa mtaa, wakayaburuza juani safari tatu, mikono ikichanika. Famau aliketi kwenye ukuta uliobomoka akayasuka moja ndani ya jingine. Mbuzi walikuja wakaonja, wakaondoka. Bi Mishi alichungulia juu ya ukuta, akasema kazi si mbaya kwa mtu aliyekuwa amelala miezi minane, na akatuma sahani ya maembe.

Ndege hawakurudi siku ile, wala wiki ile. Kila asubuhi Famau alitembea mpaka kwenye sinia, akamwaga maji ya zamani akatia mapya, akarudi kitandani ameishiwa pumzi. Siku zingine alipumzika njiani mara mbili. Siku ya kumi na moja shore wawili walitokeza kutoka ndani ya miiba, wakashuka wakanywa. Walikuwa wameshaifanya miiba ile mahali pa kujificha.

Umi na baba yake waliwatazama wakiwa wamekaa kwenye kigogo karibu na shubiri. Umi alimwuliza kama bado amekasirika.

"Kuweka jarife kulikuwa kosa la mtu asiyejua," Famau alisema kwa sauti ndogo asiwashtue. "Hilo halikunikasirisha hata siku moja. Ila tetere alipokufa ulijua, ukanyamaza. Chozi alikufa kwa kunyamaza kwako, paka wa watu akafungwa, na mimi nikalala nikidhani ndege wametuchoka. Ukikosea, njoo useme, hata kama unaogopa, hata kama mimi ni mgonjwa. Niache nikasirike. Hasira yangu itakwisha. Kosa ulilolificha halikwishi, linaendelea kufanya kazi yake huko ulikolificha mpaka utakapolisema."

Umi aliitikia kwa kichwa. Shore mmoja alikuwa ameingia katikati ya sinia anaoga, akirusha matone juu ya mawe. Walingoja mpaka alipomaliza. Kisha Famau alisimama, akashika ukuta, akaanza safari ya kurudi, na Umi akamfuata nyuma bila kumshika.