Chiriku na Mshauri Mwenye Kipaza Sauti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi yake moja: kupitisha sumaku sakafuni, chini ya cherehani ya mama yake. Pini zilizoanguka jana ziliruka zikanata, naye akazirudisha koponi. Kisha alioga, akavaa sare, akanywa chai, akatoka. Mama yake, fundi wa nguo, alimsikia akiongea tangu kitandani hadi barabarani. Aliongea na chai. Aliongea na viatu. Ndiyo maana akaitwa Chiriku, na jina lake la daftarini likabaki kwa mwalimu peke yake.

Muhula huu mambo yaligeuka. Sumaku aliipitisha vilevile, sare aliivaa, lakini kimya. Na alipofika kwenye lango la shule, moyo ulianza kumdunda, viganja vikaloa jasho, pumzi ikawa fupi kama ya mtu aliyepanda ngazi mia moja. Akageuka, akarudi nyumbani. Wiki ya kwanza alidanganya kwamba tumbo linauma. Wiki ya pili hakudanganya tena. Alikaa tu juu ya rundo la vitambaa, akitazama ukuta.

Kila mtu alijua yalianza lini. Jirani yake wa dawati, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alianguka darasani kabla ya kengele ya mapumziko. Akapelekwa hospitali, kumbe ana ugonjwa wa moyo, na hakurudi. Hilo walilijua wote. Lakini kulikuwa na jambo jingine, la dakika chache kabla ya kuanguka kwake. Hilo alilijua Chiriku peke yake, na hakuwa amemwambia mtu.

Mwalimu mkuu alimwita mama ofisini.

"Mama, simfukuzi mtoto," alisema. "Lakini majina ya mtihani wa mwisho yanapelekwa tarehe thelathini. Asipoonekana darasani kabla ya hapo, atarudia mwaka. Mtafutie mshauri, mtu aliyesomea kuzungumza na watu wenye mzigo moyoni. Mambo haya yana wataalamu wake."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Laiti mama angekaa na habari hiyo peke yake! Lakini alimwambia kaka yake. Mjomba huyu mtaa mzima ulimwita Najua, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kwa kila jambo. Ukimwambia paa linavuja, "Najua." Ukimwambia umeota ndoto, "Najua." Ila kuziba paa la mtu, hajawahi hata siku moja.

"Mshauri?" akasema, amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu ameinyoosha hadi njiani. "Najua. Sasa dada, tumia akili. Mwimbaji bora ni nani? Anayeimba sana. Mshauri bora ni nani? Anayeshauri sana. Yupo mmoja hapa mjini anashauri hadi anatoka jasho. Wanamwita Profesa wa Nafsi."

"Uprofesa kapewa na nani?"

"Dada, watu wakubwa hawaulizwi maswali madogo."

Kwa hesabu hiyo, mbu angekuwa mwimbaji bingwa wa dunia. Lakini mama alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushika hata mkono wa mpumbavu.

Jumamosi wakaenda. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Mlangoni palikuwa na bango: HUZUNI, NDOA, KUFELI MITIHANI, ULEVI, UNENE, HOFU YA MAJI, NYWELE KUNYONYOKA. Wajukuu zangu, mkimwona mtu anayetibu huzuni na nywele kwa dawa moja, vukeni barabara.

Ndani, ukuta ulijaa vyeti vyenye fremu za rangi ya dhahabu. Najua alivitazama kwa mbali, akapumua kwa heshima. Mama, ambaye jicho lake limezoea kuona mishono midogo, alivisogelea. Cheti cha kwanza kilikuwa cha kuhudhuria semina ya siku mbili ya ufugaji wa kuku wa mayai. Cha pili kilikuwa cha kushiriki mbio za kilomita tano. Hakuwahi kufika cha tatu. Profesa aliingia na suti inayong'aa kama kifuniko cha sufuria, kipaza sauti mkononi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, njaa ya mmoja wote wangeisikia ikinguruma.

"HALO! HALO! MNANISIKIA?"

"Tunakusikia, bwana," mama akasema. "Tuko hapa hapa."

"Mtoto ana tatizo gani? Usiniambie! Naliona machoni mwake. Ni uvivu!"

"Rafiki yake alifari—"

"MARUFUKU! Humu ndani hatutaji huzuni! Binti, simama. Sema: Mimi ni simba!"

Chiriku akasimama. "Mimi ni simba," akasema, kwa sauti ya panya aliyefungiwa kabatini.

"Simba hulia?"

"Hapana."

"Basi nawe usilie. Umepona!"

Baada ya kumponya hivyo, bwana yule aliongea dakika hamsini. Alisimulia alivyokuwa maskini, alivyonunua viatu vyake vya kwanza, alivyoshinda hofu ya maji. Chiriku alifungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza Profesa aliinua kidole. Mara ya pili aliongeza sauti ya kipaza sauti. Na Najua pale kitini alitikisa kichwa kama mjusi ukutani, kila neno ndiyo, kila neno ndiyo.

Kitendawili, wajukuu: ana mdomo wa nyama na mdomo wa chuma, sikio hana hata moja. Mmeshampata? Mji sitadai, hiki ni rahisi mno.

Kwenye ngazi Chiriku aliangua kilio.

"Umeona?" Najua akamwambia dada yake. "Dawa inaingia."

Mama alisimama pale pale, akamtazama kaka yake kuanzia soli za viatu hadi utosini, na safari hiyo ya macho haikukuta kitu cha maana njiani.

"Kaka, mteja akiingia kwangu, kitu cha kwanza nashika nini?"

"Najua. Mkasi."

"Futikamba, kaka. Nashika futikamba, nampima. Ndipo nikate. Yule bwana wako amekata kitambaa bila hata kumtazama mteja. Hata jina la mtoto hakuliuliza!"

"Najua, lakini—"

"Hujui. Na tangu leo, hili la mtoto nitalishughulikia mwenyewe."

Jumatatu mama hakufungua duka. Alikwenda kituo cha afya, akamfuata muuguzi wa chumba cha chanjo, mwanamke asiyekuwa na muda wa porojo. Alimuuliza maswali matatu tu. Nani hapa amesomea kazi ya ushauri? Nani anayesaidia watoto? Na mtoto akisema neno, neno hilo litakaa wapi? Muuguzi aliacha sindano yake, akamjibu moja moja, na akamwandikia miadi ya kesho yake kwa mshauri aliyekuwa na nafasi, maana wa watoto alikuwa safarini.

Mshauri huyo alikuwa bwana mmoja mpole, shati lake limefubaa kola. Alimsikiliza mama kwa dakika kumi, akamtazama Chiriku, akaweka kalamu chini.

"Mama, nisikudanganye. Mimi nimesomea kusuluhisha wanandoa, na kuwasaidia walevi wanaotaka kuacha pombe. Mtoto huyu nikimshika mimi, nitamchelewesha. Mwenzangu wa chumba cha mwisho amesomea watoto waliofiwa. Kesho yupo. Nitamweleza mnakuja."

Bwana huyo hakuwa na cheti ukutani wala bango mlangoni. Alijua tu kazi yake inaishia wapi, na elimu hiyo Profesa hajaipata hadi leo. Lakini siku nazo zilikuwa zikienda. Zilikuwa zimebaki kumi na nne.

Chumba cha mwisho kilikuwa na dirisha moja na viti viwili vyenye kimo kimoja. Aliyekuwamo alikuwa mama wa makamo, miwani minene kama kitako cha glasi. Chiriku moyoni akamwita Mama Miwani.

"Shikamoo," Chiriku akasema chini chini.

"Marahaba, mwanangu. Kaa utakapo. Mlango tuufunge au tuuache wazi?"

Chiriku alishangaa. Tangu aumwe moyo, hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini.

"Uwe wazi kidogo."

"Na mama akae humu au atoke?"

"Atoke. Lakini nimwone miguu."

Basi mama akakaa kwenye benchi la ukumbini, akanyoosha miguu hadi ikaonekana mlangoni. Kila aliyepita aliiruka.

"Utakayoniambia yatabaki hapa," Mama Miwani akasema. "Ila nikiona uko hatarini, nitamwambia mama yako, nawe nitakuambia kwanza. Na ukiona sikufai, sema. Sitanuna. Tutatafuta mwingine."

Kisha akanyamaza. Chiriku naye akanyamaza. Alingoja simba atajwe. Hakutajwa.

"Wewe unajua kwa nini siingii darasani?" Chiriku akauliza mwishowe.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Ukipenda kuniambia, nitasikiliza. Usipopenda leo, Ijumaa pia ipo."

"Lakini si wewe ni mshauri? Washauri wanashauri."

Mama Miwani akacheka. "Jina hilo linanichongea! Vitenzi mnafundishwa shuleni? Chukua 'shauri', mwishoni weka 'ana'."

"Shauriana."

"Kushauriana kunataka watu wangapi?"

"Wawili."

"Basi nikianza peke yangu, huko ni kupayuka tu."

Chiriku akatabasamu. Halikuwa tabasamu kubwa, lakini mwezi mzima lilikuwa halijaonekana. Mlangoni Mama Miwani alimuuliza kama angependa kurudi, na Chiriku akajibu mwenyewe, kabla mama yake hajafungua kinywa: "Ijumaa."

Ijumaa hiyo alilitoa lile jambo lake.

"Aliniambia kifua kinambana," akasema, akivuta uzi wa mkono wa sweta yake. "Mimi nilikuwa namsimulia habari za paka wa jirani. Nikamwambia, acha kudeka, ngoja nimalize. Akangoja. Akawa ananisikiliza. Halafu akaanguka."

Akalia. Hakuna aliyemkataza. Mama Miwani alimsogezea kitambaa, akangoja, na kungoja huko hakukuwa kwa mtu anayetazama saa.

"Alipokuambia hivyo, ulijua ana ugonjwa wa moyo?"

"Hapana. Hata mama yake hakujua."

"Ungejua, ungefanya nini?"

"Ningekimbia kumwita mwalimu! Ningepiga kelele shule nzima!"

"Nakuamini. Ulimjibu hivyo kwa sababu ulimwona mzima. Kutojua si sawa na kutojali, mwanangu. Huzuni ya rafiki yako utakuwa nayo, ni haki yako. Lakini juu yake umebeba mzigo mwingine, kwamba wewe ndiye uliyemuua. Huo si wako. Hautatoka leo wala kesho, ila tutaupunguza."

Wakapanga pamoja. Jumatatu atafika langoni na mama yake, wasimame tu, wahesabu pumzi. Jumanne ataingia uwanjani. Kisha mlango wa darasa, kisha kipindi kimoja, kisha viwili. Dawati atachagua mwenyewe. Chiriku alichagua la karibu na mlango, na mwalimu wa darasa akakubali.

Jumanne ilimshinda. Alifika katikati ya uwanja, akageuka mbio. Najua aliposikia akacheka, akasema, "Najua, yule mama hana hata kipaza sauti." Mama Miwani hakucheka. Alimuuliza Chiriku alifika hatua ngapi, na kesho yake wakaongeza kumi. Alhamisi alikaa kipindi kimoja, Ijumaa vitatu. Na Jumatatu, tarehe ishirini na tisa, alikaa darasani kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Mara mbili moyo ulianza kumdunda. Alihesabu pumzi, ukatulia. Mwalimu mkuu aliandika jina lake, lile la daftarini, kwenye orodha ya mtihani.

Jioni Najua akaja mbio, kifua mbele.

"Nilisema! Nilisema au sikusema? Yule Profesa alimtia usimba, umechelewa tu kufanya kazi!"

Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye mshono. "Kaka, usimba huo mpelekee mwenyewe Profesa wako. Akawachunge kuku wake wa mayai."

Najua alifungua mdomo kusema anajua, akaona hapana anayemsikiliza, akakumbuka ana safari.

Mama akasimamisha cherehani, akamvuta Chiriku karibu.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi nilikosea. Nilikupeleka kwa mtu kwa sababu ya sauti yake, sikuuliza amesomea nini wala anawasaidia watu gani. Na wewe uliteseka kimya ukidhani ni adabu. Si adabu. Moyo unaumwa kama jino linavyoumwa, na wa kuutibu wapo. Lakini si kila mshauri anamfaa kila mtu, hata akiwa mwema. Ukikaa mbele ya mtu ukaona neno halitoki, au yeye hakupi nafasi ya kulitoa, niambie: mama, huyu hanifai. Tutamshukuru, tutaondoka, tutatafuta mwingine. Mtu anaachwa, kutafuta hakuachwi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Chiriku akaokota pini moja sakafuni, akaitia koponi.

"Mama, kesho nikitoka shule nataka kwenda kwa mama yake. Mama wa rafiki yangu. Sijaenda tangu mazishi."

Mama alishtuka. "Utamwambia nini?"

"Sijui," Chiriku akasema. "Nitamuuliza hali. Halafu nitanyamaza, aseme yeye."