Mate ya Mwalimu Nicanor

Jioni ile nilikwenda Malukhu kupeleka maziwa. Mwalimu Nicanor, aliyenifundisha piano, hakutaka ada. Alitaka maziwa tu, kila somo. Mwanga ulikuwa bado juu ya mwamba wa Wanale.

Nilikuwa na siku mbili. Jumamosi, hoteli moja ya Mpumudde, Jinja, ingenijaribu kwenye piano na bendi yao ya jazi. Nyimbo zote za zamani nilizijua, kwa kusoma noti karatasini. Lakini katika jazi, wimbo ukishapigwa, kila mtu hupewa zamu ya kubuni muziki wake palepale. Zamu yangu ikifika, vidole viliganda. Walikuwa wamenikataa mara mbili. Hii ilikuwa ya mwisho.

"Masaba," mzee alisema, "kichwa iko sawa. Vidole ndiyo haina baraka. Leta mikono."

Nilielewa. Kwetu babu hukutemea mate viganjani kabla ya safari au mtihani. Mate mepesi, kama umande, na kwanza hutaja jina la ukoo. Mzee huyu hakutaja lolote. Nami sikuuliza.

Hakutema kwanza.

Alilamba.

Ulimi wake ulikuwa baridi. Ulipita katikati ya kila kidole, polepole, ukachokonoa chini ya kucha. Kisha akakohoa kutoka ndani kabisa... hrrrk... kitu kizito kikamwagika viganjani mwangu. Kijivu. Vuguvugu. Kilinuka maziwa yaliyosahaulika kibuyuni.

"Usinawe," alinong'ona. "Mpaka Jumamosi."

Nilitaka kunawa papo hapo. Lakini vidole vilikuwa vimeanza kutikisika. Kwa mdundo.

Sikunawa. Siku mbili nilikula kwa kijiko. Nililala mikono imefungwa kwenye kavera, mifuko ya plastiki.

Jumamosi, saa moja jioni, Obura aliniona nikipanda jukwaani. Yeye ni mpiga besi wa bendi ile, Mkenya.

"Profesa amerudi! Leo utatupigia ama utatusomea?"

Tukaanza. Zamu yangu ikafika.

Vidole vikaondoka.

Mimi nilikuwa nimekalia kiti tu. Vilipanda, vikashuka, vikachelewa makusudi, vikaudaka mdundo ukiwa mlangoni. Watu waliacha kutafuna. Na vitufe... vililowa. Ute ulitoka chini ya kucha zangu, ukavutika kama bamia kila kidole kilipoinuka. Ile harufu ikanijaa puani. Nilitaka kuacha.

Havikuacha.

Makofi yakalipuka. Obura hakupiga. Alinisogelea, jasho likimtoka.

"Nani alikufunza hiyo?"

"Nimeibuni sasa hivi."

"Wacha uongo. Hiyo ni ya Bruhan, noti kwa noti. Nilimpigia besi miaka mitatu." Akashusha sauti. "Mwanafunzi wa Nicanor. Alipokufa, waliomwosha walisema vidole vilikuwa vyeupe, vimesinyaa... kama vimenyonywa."

Nikaficha mikono mgongoni. Ilikuwa inadondosha ute.

Bi Nusifa, mwenye hoteli, alikuja mbio na tabasamu.

"Mashallah, kijana! Ulikuwa umejificha wapi? Kazi ni yako. Kila Jumamosi. Utakuja?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kweli. Nikafungua mdomo...

Ulikuwa umejaa.

Mate mazito, vuguvugu. Si yangu. Bi Nusifa alikuwa amesimama karibu mno, anangoja. Nyuma yake watu walikuwa wakiita jina langu, meza kwa meza.

Nikameza.

Nikaitikia kwa kichwa.