Mwandiko Wangu Mzuri na Tumbo la Mwavita

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka thelathini na saba, ni mama wa watoto watatu, na ni muuguzi wa bloku, yaani chumba cha upasuaji, katika lopitali moja hapa Kasongo. Jina la lopitali sitalitaja. Lopitali haina kosa. Kosa ni langu mimi, na nimechoka kulibeba kimya kimya.

Nitawaambia yote. Mkitaka kunitukana, nitukaneni. Nimestahili.

Tangu shule ya msingi nilisifiwa kwa kitu kimoja tu: mwandiko. Mwalimu alikuwa akiniita mbele niandike ubaoni. Mwavita, rafiki yangu niliyekaa naye benchi moja, alikuwa akinitania: "Weye Feza, hata ukikosa jibu, unaliandika vizuri, mwalimu anakupa alama!" Tulicheka mpaka tukafukuzwa darasani. Lo! Kumbe rafiki yangu alikuwa ananisomea maisha yangu, na mimi ninacheka.

Miaka michache iliyopita utafiti ulikuja lopitalini kwetu. Wagonjwa wengi waliopasuliwa walikuwa wanarudi na usaha tumboni, na wengine hawakurudi tena. Watafiti walitaka kujua kwa nini, na kama mambo madogo madogo yanaweza kuokoa watu. Wakatuletea fishi, karatasi yenye visanduku vya kujaza, moja kwa kila mgonjwa. Je, jina lake limesomwa kwa sauti? Je, dawa ya kuzuia usaha imetolewa kabla ya kisu? Kompresi, vile vitambaa vya kunyonya damu, ziko ngapi kabla ya kupasua, na ngapi kabla ya kushona? Watu wawili wahesabu kwa sauti, mmoja aandike.

Jambo rahisi, sivyo? Mtu yeyote mwenye macho angeweza!

Nilipewa mimi kazi ya fishi, kwa ajili ya mwandiko. Wiki za kwanza tulihesabu kwa sauti kubwa mpaka walinzi wa nje wakatucheka. Na usaha ukapungua kweli, niliuona ukipungua kwa macho yangu. Lakini mwili ukachoka. Sezariene, yaani upasuaji wa kuzalisha, tatu zinafuatana, maji hakuna, na bado visanduku vinakungoja... Nikaanza kujaza fishi asubuhi nikinywa chai, mgonjwa hajaingia hata mlangoni. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kompresi kabla ya kupasua: kumi. Nifungue pakiti nihesabu nini? Pakiti nimezifunga mwenyewe!

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kwetu kompresi haziji zikiwa tayari. Tunapata shashi ya rola, tunakata kwa makasi, tunakunja, tunafunga kumi kumi ndani ya kitambaa, kisha tunazipika kwa mvuke juu ya makaa. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na nilikuwa na tabia yangu ndani yake. Kipande kikibaki mwisho wa rola, sikukitupa. Nilikiongeza kwenye pakiti moja. Matabishi! Ile nyongeza ambayo mama wa sokoni anakutilia juu ya kipimo cha mchele ili kesho urudi kwake. Mimi ni mtoto wa muuza mchele, mkono wangu umezoea. Kwa hiyo pakiti moja moja ilikuwa na kompresi kumi na moja, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Niliona ninafanya wema.

Mama msimamizi wa utafiti alipokuja kukagua, aliinua fishi zangu mbele ya wote. Safi! Hakuna kisanduku kitupu! Akasema nitafundisha wauguzi wa lopitali nyingine. Siku ile nilitembea kichwa juu mpaka nyumbani, sikusalimia hata jirani.

Mwezi uliofuata Mwavita akaja kujifungua. Alikuwa ameolewa Wamaza, upande wa Kabambare. Mume wake, Ramazani, alikuwa Salamabila akichimba dhahabu, kwa hiyo aliyemsindikiza ni mama mkwe wake, Mama Ramazani, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi na mkono wa kutoa. Mtoto alikaa vibaya, docta akasema apasuliwe. Mwavita alinishika kidole. "Feza, weye utakuwa mule ndani? Basi siogopi."

Fishi yake nilikuwa nimeijaza tangu asubuhi.

Mtoto wa kike akatoka analia, mzima! Kabla ya kushona docta akauliza kompresi. Nikahesabu zilizotoka: kumi. Nikatazama fishi: kumi. Sawa, docta akashona. Mama Ramazani alicheza pale uani, na siku ya kurudi Wamaza akaniletea kuku jike mweupe. "Kula, binti yangu. Weye ndiye ulikuwa ndani, sisi tulikuwa nje na woga wetu tu." Kuku yule nilimpika na sombe, majani ya muhogo, nikamla na watoto wangu.

Wiki ya nne Mwavita akarudishwa kwa pikipiki, ana homa, tumbo gumu, na maumivu yasiyolala. Mashine ya kupiga picha ya tumbo ilionyesha kivuli kisichoeleweka. Docta alichukua fishi akaisoma polepole. Akaniuliza, "Feza, kompresi mulihesabu?"

Ndugu zangu, saa ile nilikumbuka! Nilikumbuka rola iliyoisha wiki ile ya upasuaji wake, kipande kilichobaki, na mkono wangu ukikisukuma ndani ya pakiti. Ningesema neno moja tu... Lakini niliwaza fishi zangu zote za asubuhi, nikawaza mama msimamizi, nikawaza watu wakinicheka. Nikajibu: "Docta, fishi si iko mbele yako?"

Docta wetu ni mtu anayeheshimu karatasi. Hakutaka kupasua tumbo mara ya pili bila sababu. Akampa dawa za homa ya tumbo, na Mwavita akarudi Wamaza akiwa na nafuu kidogo. Mimi nikajiambia, labda siyo kompresi. Labda pakiti ile haikuwa na matabishi. Mtu akitaka kujidanganya, hakosi maneno.

Nafuu haikudumu. Mwavita akakonda, akawa hali chakula, tumbo likaanza kunuka kupitia kidonda. Na kwetu, mtu akikonda hivyo na docta hakuona ugonjwa, watu wanatafuta mkono uliomroga. Nani alikuwa anampikia? Nani alikuwa analala naye chumba kimoja lopitalini? Mama mkwe! Ramazani akapanda kutoka Salamabila, akakuta ukoo umekwisha kukata shauri.

Lakini Ramazani alimpenda mama yake. Hakuwafuata mara moja. Alisafiri mpaka Kasongo, akanikuta nje ya lopitali ninaanika nguo za bloku kwenye kamba. Alisimama pale na kofia mkononi. Akasema, "Dada Feza, mama anaapa hakufanya kitu. Anasema tukuulize weye, kwa sababu weye ulikuwa ndani. Kazi ya tumbo ilienda vizuri? Ukiniambia iko kitu kilikosewa, mama anabaki nyumbani."

Kumbe Mungu alinipa nafasi ya pili, hata mlango aliufungua mwenyewe! Ningefanya nini kingine kama si kusema kweli? Lakini wiki mbili zilibaki nifundishe. Shati langu jeupe nilikuwa nimekwisha kulipiga pasi. Nikamwambia Ramazani: "Kazi ilienda vizuri sana, ndugu yangu. Kila kitu kimeandikwa."

Alinishukuru! Alinishika mkono akanishukuru, kisha akaenda kumfukuza mama yake.

Mama Ramazani aliondoka na sufuria moja na kanga mbili. Hakuna aliyempokea kijijini. Alikwenda kukaa kwenye kibanda cha shamba la mchele, kile cha kuchungia ndege, kisicho na ukuta upande mmoja. Mvua zilikuwa zimeanza. Haya nilisimuliwa sokoni na mfanyabiashara wa Wamaza, nikashika kikapu changu nikaenda zangu.

Siku ya mafunzo ilipofika, wauguzi wa lopitali nyingine walikaa ukumbini kwetu, mimi mbele nimevaa shati langu, fishi zimebandikwa ukutani. Nilikuwa ninaeleza namna ya kuhesabu kompresi... mimi! Mara nikasikia kelele uani. Walikuwa wamemleta Mwavita katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge asianguke. Nilimkimbilia. Alikuwa mwepesi hata mtoto wangu wa kwanza ni mzito kuliko yeye. Alifungua macho akaniuliza kwa sauti ndogo, "Feza, niambie kweli. Ni mama mukwe ndiye ananikula?"

Sikuweza. Wallahi sikuweza kudanganya tena! Nilirudi ukumbini mbele ya docta, mama msimamizi na wageni wote, nikasema: "Mwavita ana kompresi yangu tumboni. Pakiti ilikuwa na kumi na moja. Fishi niliijaza kabla."

Hakuna aliyenipigia kelele. Docta alikimbilia bloku. Kompresi waliitoa, imeoza, na hata hivyo niliitambua kwa mkato wake wa pembeni. Ni makasi yangu. Mwavita alipoteza kizazi, lakini baada ya siku chache homa ilishuka, na akaomba uji. Mama msimamizi alizitoa fishi zangu zote kwenye utafiti, za kweli na za uwongo pamoja. Alisema hawezi kuzitenga, maana mwandiko ni ule ule.

Ramazani nilimweleza mimi mwenyewe. Aliketi chini kwenye saruji akasema neno moja: "Mama." Kesho yake asubuhi alitafuta pikipiki ya kwenda Wamaza. Nilimwomba nimfuate nikamwombe mama radhi. Alisogea mbele kwenye kiti, nikapanda.

Tulikuta mikeka imetandikwa nje. Mama Ramazani alikuwa amezikwa siku nne kabla. Homa na kikohozi cha mvua, na hakuna aliyempelekea hata maji ya moto, kwa sababu waliogopa jina walilompa. Jirani mmoja wa mashamba, mwanamke mzee, alinitazama usoni. Akauliza, "Weye ndiye Feza?" Nikaitikia. Akasema: "Alikuwa anamuuliza kila mutu anayepita njiani: Feza amejibu nini? Mwanawe alimfukuza bila kumwambia, na sisi tulinyamaza tu. Hatukutaka kumwambia."

Ndugu wasomaji, hilo ndilo neno linaloniamsha kila alfajiri.

Docta alinitoa bloku mwaka mzima, nikafua na kupika vitambaa. Sasa nimerudishwa. Ninafungua kila pakiti, ninahesabu kwa sauti, mgonjwa akiwa amekwisha lala mezani, na siongezi tena kipande cha kubaki. Wenzangu wapya wananiona msumbufu. Mwavita alipona, na siku moja alipita kwangu na binti yake mgongoni. Aliniambia, "Juu ya tumbo, nilikusamehe. Juu ya mama, haiko mimi wa kusamehe." Akaenda.

Ninawaomba sana, nyinyi wauguzi, walimu, makarani, yeyote anayepewa karatasi ya kujaza: usiandike kitu ambacho macho yako hayajaona. Na kama umekwisha kuandika, sema leo, hata wakikucheka mbele ya ukumbi mzima. Fishi ya Mwavita ilikuwa na visanduku vitatu mwishoni: amepona, anaumwa, amekufa. Kwake yeye jibu ni la kwanza. Kisanduku cha Mama Ramazani hakikuwepo, kwa hiyo nimekiandika hapa, kwa mwandiko huu huu.